"Moral turpitude" kwa Kiswahili ni nini hasa? Ufisadi, upotovu wa maadili, au kingine?

Mfasiri_Moro

Wakuu, salaam. Nina nyaraka mbili mezani. Ya kwanza ni hukumu ya Mahakama ya Mwanzo, imeandikwa kwa Kiswahili, inatakiwa kwenda Kiingereza. Mashtaka ni mawili: wizi wa simu na shambulio la kawaida. Ya pili ni barua ya mwanasheria wa uhamiaji aliyeko Marekani, inatakiwa kuja Kiswahili ili mteja wake aielewe. Humo ndani kuna "crime involving moral turpitude" mara tisa, na sehemu moja anafafanua kwa maneno "base, vile, or depraved".

Kamusi moja inanipa ufisadi, nyingine uovu, nyingine upotovu. Nikiandika ufisadi, mteja ataniuliza lini alishika hela ya serikali. Nikiandika upotovu wa maadili, atadhani anatuhumiwa uzinzi. Naomba msaada kwa mambo matatu: maana halisi ya turpitude, neno la kutumia kwa msomaji wa kawaida, na tofauti yake na depravity. Kama kuna mtego upande wa hukumu pia, nielezeni.

---

Kalamu_Kavu

Mkuu, turpitude peke yake karibu haitembei. Inatoka kwenye Kilatini turpis, yaani kitu cha kuchukiza, cha aibu. Kiingereza cha leo kimeibakiza karibu yote ndani ya fungu moja tu, moral turpitude, na fungu lenyewe linaishi kwenye sheria, mikataba ya ajira na kanuni za taaluma. Mtu hasemi barazani kwamba jirani yake ana turpitude. Akisema hivyo anafanya utani wa kisomi. Haina wingi na haichukui "a" mbele yake. Kivumishi chake kimo kwenye kamusi kubwa lakini hakitumiki. Ukilazimika kuitamka mbele ya watu, mkazo uko mwanzoni: TA-pi-tyud.

Sasa maana. Maelezo yanayorudiwa sana na mahakama za Marekani ni haya, kwa Kiswahili changu: tendo ambalo kwa asili yake ni duni, la kuchukiza au potovu, linalokiuka kanuni za maadili zinazokubalika na wajibu ambao watu wanadaiana wao kwa wao au wanadaiwa na jamii. Angalia maneno "kwa asili yake". Kuegesha gari pasiporuhusiwa ni kosa kwa sababu kuna bango. Kumtapeli mjane kiwanja ni kosa hata pasipokuwa na bango. Turpitude iko upande wa pili.

Kwa barua yako ningeandika kosa lenye uovu wa kimaadili. Sababu zangu:

"Upotovu wa maadili" kwa kamusi ni sahihi, ila magazeti na mimbari wameshaubana. Msomaji wa Tanzania akiona maneno hayo anawaza mavazi, picha za utupu na vijana wa siku hizi. Aliyeiba simu hatajiona humo.

"Utovu wa uaminifu" unavutia kwa sababu una mizizi kwenye sheria zetu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 67, inautumia inapotaja makosa yanayomwondolea mtu sifa ya kuwa mbunge. Lakini ni finyu: unabeba wizi, kughushi na utapeli, haubebi ubakaji wala mauaji ya kukusudia, na hayo yote mawili yamo ndani ya moral turpitude.

"Utovu wa nidhamu" na "utovu wa adabu" viache kabisa. Hivyo ni vya mwanafunzi aliyeruka uzio wa bweni.

Ukishachagua, usibadilishe njiani. Waandishi wetu tumefundishwa kukwepa kurudia neno, na kwenye hadithi ni vizuri. Kwenye barua ya sheria, ukiandika uovu ukurasa wa kwanza na upotovu ukurasa wa tatu, msomaji ataamini ni makosa mawili tofauti. Mara ya kwanza weka Kiswahili chako, kisha sema kwamba kwa Kiingereza sheria inaliita hivi, na hapohapo eleza kwa sentensi moja kwamba ni kundi la makosa kama wizi, utapeli na kughushi. Mara nane zilizobaki, Kiswahili peke yake kinatosha.

---

Bin_Kisauni

Nimtetee ufisadi kidogo, maana naona anafukuzwa bila kusikilizwa. Asili yake ni Kiarabu, fasad, kuharibika, kuoza. Kwa Kiswahili cha kale mfisadi alikuwa mharibifu: anayeharibu mke wa mtu, anayeharibu watoto wa watu, anayetia fitina mtaani. Kwa maana hiyo uko karibu sana na turpitude, pengine kuliko neno lolote tulilo nalo. Kamusi haikukosea. Matumizi ndiyo yaliyohama, hasa siasa za miaka ya 2000 zilipolichukua neno na kulifanya la wizi wa mali ya umma. Mzee wa Mombasa bado anaweza kulisikia kwa maana ya kwanza, kijana wa Nairobi au Dodoma hawezi.

Kuna ndugu wawili wengine wa kuangaliwa. Ufuska ni wa anasa na zinaa. Ufasiki ni wa dini: fasiki ni mtu anayejua amri na kuivunja waziwazi. Vyote viwili vina uzito wa kulaumu, havina upana wa kosa la jinai. Kwa barua ya uhamiaji naungana na Kalamu_Kavu, uovu wa kimaadili.

---

Wakili_Mpakani

Wadau mmelishughulikia neno vizuri. Mimi nizungumzie nini kinaning'inia juu yake, kwa sababu mfasiri asipojua mwanasheria anatafuta nini kwenye ile hukumu, ataacha nje kitu kile kile kilichomfanya aiombe.

Fungu hili liliingia kwenye sheria ya uhamiaji ya Marekani mwaka 1891, na hadi leo Bunge lao halijaliandikia maana. Mwaka 1951, kwenye kesi ya Jordan dhidi ya De George, Mahakama ya Juu iliambiwa kwamba maneno hayana mipaka na hivyo ni batili. Majaji wengi walikataa hoja hiyo. Kosa lilikuwa njama ya kuikosesha serikali kodi ya pombe kali, na walisema ulaghai siku zote umehesabiwa ndani ya moral turpitude. Jaji Jackson alipinga, na ukisoma hoja zake utaona tatizo alilolisema bado lipo: mipaka imechorwa kesi kwa kesi.

Kwa ujumla yanaingia haya: utapeli, kughushi kwa nia ya kudanganya, wizi wenye nia ya kumnyima mwenye mali kwa kudumu, ubakaji, mauaji ya kukusudia. Kwa ujumla hayaingii: shambulio la kawaida lisilo na silaha wala majeraha mabaya, makosa ya leseni na kanuni. Kwa hiyo kwenye hukumu yako mwanasheria ana wasiwasi na wizi zaidi kuliko ngumi.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui: afisa hapimi jinsi mteja alivyofanya. Anapima viungo vya kosa kama sheria ilivyoviandika. Mtu anaweza kuwa aliiba kwa njaa au kwa tamaa, kipimo ni kile kile. Ndiyo maana maneno madogo ya hukumu yana thamani kuliko masimulizi ya mlalamikaji. "Kwa makusudi", "kwa uzembe", "isivyo halali", "kwa nia ya kudanganya": kila moja lipate mwenzake kwenye Kiingereza, na usiongeze ambalo halimo. Ukiandika "maliciously" kwa sababu tu sentensi ilikuwa inasikika vizuri, umemwongezea mtu nia ambayo hakimu hakuikuta.

Hapa ndipo hukumu kama yako zinapoharibikia.

Namba ya kifungu. Shambulio la kawaida kwenye Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ni kifungu cha 240, adhabu ya juu mwaka mmoja. Shambulio la kudhuru mwili ni kifungu cha 241, miaka mitano. Kenya ni 250 na 251, mwaka mmoja na miaka mitano vilevile. Kwa Kiingereza ni "common assault" na "assault causing actual bodily harm". Ukiandika "assault" tupu na kuacha namba, msomaji hajui ni lipi, na tofauti yake ni miaka minne. Ukiandika "grievous harm" kwa sababu mlalamikaji alivunjika jino, umebuni kosa la tatu.

Kwa nini adhabu ya juu ni muhimu? Sheria ya uhamiaji ya Marekani ina msamaha wa kosa dogo. Mtu akiwa na kosa moja tu la namna hii, na adhabu ya juu inayowezekana kwa kosa hilo haizidi mwaka mmoja, na yeye mwenyewe hakuhukumiwa zaidi ya miezi 6, kosa hilo pekee halimzuii kuingia. Wengi wanaangalia adhabu waliyopewa tu, "mimi nililipa faini, sikufungwa". Haitoshi. Wizi wa kawaida Kenya, kifungu cha 275, una adhabu ya juu ya miaka 3. Aliyepigwa faini na kwenda nyumbani bado anabeba ile 3. Kuna msamaha mwingine wa aliyetenda akiwa chini ya miaka 18, kosa likiwa moja na miaka zaidi ya 5 imepita tangu kutenda na tangu kutoka kifungoni kabla ya kuomba viza. Kwa hiyo tarehe ya kutenda kosa, tarehe ya hukumu na tarehe ya kutoka ni tarehe tatu tofauti. Usizichanganye na usiziruke.

Namna kesi ilivyoisha. Hapa Kiswahili chetu cha mahakamani kina neno moja linalobeba vitu vingi mno: kuachiwa. "Ameachiwa huru" baada ya kukutwa hana hatia ni "acquitted". "Ameachiliwa kwa masharti" baada ya kukutwa na hatia ni "conditionally discharged", kifungu cha 38 Tanzania, cha 35 Kenya. Kesi iliyoondolewa na mwendesha mashtaka chini ya kifungu cha 87(a) cha mwenendo wa jinai Kenya ni "withdrawn", na mtu anaweza kushtakiwa upya. Uhamiaji wa Marekani una maana yake wenyewe ya kutiwa hatiani: mtu akikiri au akikutwa na hatia, na hakimu akaweka adhabu yoyote au kizuizi chochote, inaweza kuhesabika hata kama sheria ya nyumbani inasema imefutika. Ukimwita "acquitted" mtu aliyeachiliwa kwa masharti, umeandika uongo utakaoonekana siku faili la mahakama litakapoombwa.

Na "alikiri". Sheria hiyo haimshiki aliyetiwa hatiani peke yake, inamshika pia anayekiri kutenda viungo vya kosa. Mshtakiwa aliyesema "ni kweli nilikuwepo" hakukiri wizi. Tafsiri alichosema.

---

Mwl_Sarufi

Nichukue swali la tatu. Turpitude ni jina la kisheria la kiwango cha uovu. Depravity ni hali ya mtu kupinda. Kilatini pravus ni kilichopinda, na de- inaongeza kwamba kimepindishwa hadi mwisho. Mkazo ni silabi ya pili, di-PRA-vi-ti, na hapo "pra" inatamkwa fupi kabisa, tofauti na kitenzi deprave ambacho kinatamkwa di-PREIV. Depravity inatumika na watu wa kawaida, waandishi wa habari wanaipenda kwenye mauaji ya kutisha, na ina wingi: "depravities" ni matendo yenyewe. Kwa Kiswahili upotovu unaifaa vizuri, na tendo likiwa la kikatili, unyama unafaa zaidi.

Kwa hiyo "base, vile, or depraved" kwenye barua yako: duni, la kuchukiza au potovu, kama alivyoandika Kalamu_Kavu. Msitafute maneno matatu ya kushangaza. Hayo matatu ni visawe vilivyopangwa mstari kwa mtindo wa mawakili, hayana ngazi.

Mtego mkubwa ni deprave na deprive. Herufi moja. "Deprived children" ni watoto walionyimwa mahitaji, "depraved children" ni watoto walioharibika tabia. Kwenye ripoti za misaada kosa hili linatokea pande zote mbili, na kikagua tahajia cha kompyuta hakilioni kwa sababu yote ni maneno halali. Jina la deprive ni "deprivation", jina la deprave ni "depravity". "Depravation" ipo lakini ni nadra, ukiiona kwenye rasimu karibu kila mara mtu alitaka deprivation. Na hukumu ya wizi ina "deprive" ndani yake: nia ya kumnyima mwenye mali. Soma mstari huo mara mbili kabla ya kutuma.

Wanaotafsiri vitabu vya dini watakutana na "total depravity", fundisho la Wakalvini lililosisitizwa kwenye Sinodi ya Dort, 1618 hadi 1619. Ukiandika "upotovu wa kupindukia" umekosea. Fundisho halisemi kila mtu ni mwovu kwa kiwango cha juu kabisa. Linasema hakuna sehemu ya mtu, si akili, si utashi, si hisia, iliyosalimika na dhambi. "Upotovu wa mtu mzima" unapotosha pia, maana mtu mzima kwetu ni mwenye umri. "Upotovu ulioenea mtu mzima mzima" ni mrefu lakini unasema kinachosemwa.

Kwa Uingereza neno liko kwenye Sheria ya Machapisho Machafu ya 1959: chapisho ni chafu likielekea "to deprave and corrupt" wanaoweza kulisoma. Mstari huo ni wa hukumu ya Hicklin ya 1868. Kanuni za Adhabu za Kenya, kifungu cha 181, na Tanzania, kifungu cha 175, ambazo ni za enzi ya mkoloni, zinasema "tending to corrupt morals", na hapo hakuna anayezungumzia rushwa.

---

Mfasiri_Moro

Shukrani sana. Hukumu yangu inasema mshtakiwa "ameachiliwa kwa sharti la kutotenda kosa kwa miezi kumi na miwili" kwa lile shambulio, na faini kwa wizi. Nilikuwa nimeshaandika released. Nabadilisha. Maswali mawili ya mwisho. Hukumu haikutaja kifungu kwa shambulio, imesema tu "shambulio la kawaida". Niweke 240? Na barua inataja pia kuendesha gari ukiwa umelewa, je hilo nalo linaingia?

---

Wakili_Mpakani

Usiweke 240 ndani ya tafsiri. Kisichomo kwenye nyaraka hakimo. Andika "common assault", halafu chini ya ukurasa weka maelezo ya mfasiri, yaliyotajwa wazi kuwa ni ya mfasiri, kwamba nyaraka haitaji kifungu. Mwanasheria ataiomba hati ya mashtaka, ambako kifungu kinapaswa kuwemo. Kama muhuri umefunika neno, andika kwamba halisomeki. Majina ya watu yaache yalivyo, hata kama hakimu ameyaandika kwa tahajia mbili tofauti. Maelezo ya mfasiri yatasema zimeonekana zote mbili.

Released ulifanya vizuri kuiondoa. Haisemi alitoka akiwa nani. Mtu anaachiliwa kwa dhamana, kwa masharti, au kwa kumaliza kifungo, na Kiingereza kinatumia neno hilo kwa yote.

Kulewa na kuendesha, kosa la kwanza, bila majeruhi na bila kitu kingine, kwa ujumla haliingii. Bodi ya rufaa za uhamiaji imeshasema hivyo kwa sababu halihitaji nia mbaya. Likiungana na kuendesha huku ukijua leseni imefungiwa, hesabu inabadilika. Na hata pale lisipoingia, fomu ya viza DS-160 inauliza kama umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani kwa kosa lolote, hata kama ulisamehewa. Swali hilo halina neno turpitude ndani yake. Anayejibu "hapana" kwa sababu alisoma mtandaoni kwamba kosa lake si la uovu wa kimaadili anajitengenezea tatizo jipya la udanganyifu, na hilo ni gumu kuondoka kuliko faini ya wizi wa simu.

---

Kalamu_Kavu

Nyongeza ya mwisho kwa Moro, maana hukuuliza na wengi hurudishiwa kazi hapa. Kama nyaraka inakwenda USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, kanuni yao inataka tafsiri kamili, si muhtasari, pamoja na cheti cha mfasiri kinachosema mambo mawili: kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, na kwamba mfasiri ana uwezo wa kutafsiri kutoka lugha hiyo kwenda Kiingereza. Wengi huandika la kwanza na kusahau la pili. Weka jina, saini, tarehe na anwani yako. Mhuri wa wakili haukutajwa kwenye kanuni hiyo, kwa hiyo usimlipishe mteja kwa ajili yake isipokuwa mwanasheria wake ameuomba. "Kamili" ni pamoja na mihuri, namba za stakabadhi na maandishi ya mkono pembeni. Faini ya wizi ikiwa na namba ya stakabadhi nyuma ya ukurasa, nayo itafsiriwe.